Alisema Hatalalamika

Kwenye falsafa niliingia kwa sababu ya ratiba. Chuo cha kaunti, huku Marekani, kilitaka kila anayesomea uuguzi achukue somo moja lisilo na damu wala sindano, na mimi nafasi yangu ilikuwa Jumamosi asubuhi tu. Siku nyingine nilikuwa kazini Riverdale Park, kwenye nyumba ya wazee, nikiwaogesha na kuwageuza vitandani watu ambao zamani walikuwa majaji na makarani. Jumamosi palikuwa na masomo mawili, historia ya jazi, na udhanaishi, ile falsafa ya kuwepo na kuchagua. La jazi lilikuwa limejaa. Ndivyo nilivyokuwa mwanafunzi wa udhanaishi, kwa kukosa kiti kwa wapiga tarumbeta.

Gari langu wakati huo lilikuwa linalala gereji zaidi ya lilivyolala kwangu, kwa hiyo jirani yangu pale Lanham akajitolea kunipeleka. Tulimwita Fundi, kila mtu, hata watoto. Alikuwa Mtanzania wa Tabora, amevuka miaka sitini, hajaoa, hana mtoto, na kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti kwenye majengo ya ofisi mjini Washington. Wiki za mwanzo alinisubiri maktaba akisinzia juu ya gazeti. Halafu mwalimu wetu, mama wa Kimarekani mwenye kofia za sufu za kila rangi, akamkuta kwenye korido akamwambia aingie akae nyuma, ndani kuna joto. Akaingia, na hakutoka tena mpaka muhula ulipoisha.

Mwalimu alianza na kikombe chake cha kahawa. Kabla kikombe hiki hakijakuwepo, alisema, kuna mtu alishajua kitafanya kazi gani. Binadamu si hivyo. Tunajikuta tupo kwanza, na ni kwa yale tunayoyachagua na kuyafanya ndipo tunakuwa watu wa namna fulani. Hakuna aliyetuandikia kazi yetu kwenye kitako. Fundi, ambaye hakuwa hata mwanafunzi, akanyoosha mkono: lifti inajua kazi yake kabla haijafungwa, yeye anayeifunga hajui yake? Mwalimu alicheka akasema hiyo ndiyo habari mbaya, na ndiyo habari nzuri pia. Fundi akaniegemea. "Hiyo nzuri," alininong'oneza, "mbona inachelewa?"

Sitaficha, mwanzoni niliona ni somo la watu walioshiba. Mtu amelala kwa saa nane nzima, amekunywa juisi ya machungwa, ndipo anapata muda wa kujiuliza kwa nini yupo. Mimi nilikuwa nipo kwa sababu zamu ilikuwa inaanza saa moja. Nilimwambia Fundi hivyo tukiwa kwenye gari, kwa ukali wangu ule ule ambao mama yangu amekuwa akinionya juu yake tangu utotoni. Yeye akasema tu, "Subiri kwanza, dada. Huyu mama ana kitu."

Kitu chenyewe kilikuja na zoezi. Mwalimu alitutaka tukae wiki nzima bila kusema "sina jinsi," "imebidi," wala chochote cha ukoo huo. Kama tumefanya jambo, tuseme tumeamua kulifanya. Nikaona rahisi. Siku ya kwanza, kabla ya chai, nilikuwa nimeshavunja amri hiyo mara nisizoweza kuzihesabu. Imebidi nichukue zamu ya mwenzangu. Imebidi niende kwenye sherehe ya watu nisiowapenda, maana wao walikuja kwangu. Nilipojaribu kusema "nimeamua kwenda kwenye sherehe ya watu nisiowapenda," nilijiona mjinga, na nikabaki nyumbani. Ilikuwa Jumapili nzuri kuliko zote za mwaka ule.

Tangu hapo nikaanza kuwasikia wengine. Nchi hii inakuhoji tangu unapoamka: maziwa ya ng'ombe au ya lozi, kahawa ya kawaida au isiyo na nguvu, mkate wa ngano gani na jibini gani, ndogo, ya kati au kubwa. Ukiingia dukani kununua mkate wenye nyama ndani unaulizwa maswali kama mtuhumiwa. Kwa hiyo mtu anamaliza siku akiamini amechagua mchana kutwa. Yale makubwa, aishi wapi, amtumikie nani, amwambie nani kweli, anasema hayamo mikononi mwake. Simu imemwelekeza njia. Bosi ndivyo anavyotaka. Soko ndivyo lilivyo. Kwenye treni ya mjini nilikuwa nawatazama watu wamevaa kazi zao shingoni, picha na cheo kwenye kamba, na swali lao la kwanza kwa mgeni ni unafanya nini. Siku kamba hiyo inapokatwa, na miaka ya karibuni imekatwa kwa wengi, unamkuta mtu mzima amekaa kwenye benchi ya kituo hajui aitweje. Niliwahi kumuona mmoja, amekumbatia boksi lenye ua ndani. Hapo niliacha kusema ni falsafa ya walioshiba.

Lakini tusiwacheke Wamarekani peke yao. Sisi nasi tunapo pa kujificha. Wao wana bosi na soko, sisi tuna kamati.

Jumamosi moja ya vuli, tukitoka darasani, Fundi alikata kona akaingia kwenye makaburi yaliyo kando ya barabara. Alisema hapo pana maegesho mazuri na hakuna mtu wa kukupigia honi. Tukala ndani ya gari, maandazi na chai ya chupa, tukitazama majani yaliyokatwa vizuri na mawe yaliyolazwa chini, sawasawa na ardhi. Alitafuna kwa muda. Kisha akasema, "Mimi wakinizika hapa sitalalamika."

"Acha uchuro!" nilimwambia.

"Sio uchuro. Kule nyumbani amebaki dada yangu tu anayenijua. Hapa hata yule mama anayeniuzia kahawa anajua sitii sukari."

"Kaka, kula andazi lako."

Akala andazi lake. Watu wetu ndivyo tulivyo. Mtu mzima akianza kusema habari za kaburi lake tunamfunga mdomo haraka, tena kwa upendo, kana kwamba kifo kimekaa dirishani kinasikiliza. Wamarekani niliowahudumia walikuwa wanapanga mazishi yao kama watu wanaopanga likizo, nyimbo zipi na maua gani. Sisi tunamsubiri mtu afe ndipo tujiulize alitaka nini.

Fundi alifariki majira ya kuchipua, siku ya Alhamisi, nyumbani kwake, moyo. Jirani mwingine alimkuta ameketi kwenye kiti na viatu vya kazi miguuni, kamba moja imefungwa, nyingine bado. Nililia kwa siku tatu mfululizo, kazini na kwenye gari, na sikujali nani ananiona.

Jumapili baada ya ibada tulikutana Upper Marlboro, kwa mwenyekiti wa kamati ya msiba, kwenye chumba chake kikubwa cha chini. Viti vilikuwa vimeazimwa kanisani, sufuria za pilau zimeletwa na akina mama wa Kiislamu wa Zanzibar, na wauguzi wa Kikenya walikuwa wanaingia na sare zao za kazi. Tukipatwa na msiba hatuulizani nani ni wa wapi, na hilo ni moja ya mambo mazuri tuliyo nayo. Mwenyekiti ni mtu mwema. Amesafirisha nyumbani miili ya watu wetu wengi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na kila mmoja amemsindikiza mpaka uwanja wa ndege.

"Mwili utasafiri," alisema baada ya sala. "Hilo halina mjadala. Nimesha-call funeral home, na watu wa cargo wata-confirm kesho. Sasa tugawane kazi."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mtu akaulizia nani atasindikiza. Jambo lilikuwa linaenda kama gari kwenye mteremko, na hakuna aliyekuwa kwenye usukani. Nilijua ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Na nilijua pia, kwa sababu ya yule mama wa kofia za sufu na Jumamosi zake, kwamba nikinyamaza sitaweza kusema kamati iliamua. Nitakuwa nimeamua mimi, kwa mdomo uliofungwa. Nikanyoosha mkono.

"Mimi naona hakutaka kurudishwa," nilisema.

Muuguzi mmoja wa Kikenya, dada wa Nyeri ninayempenda sana, akageuka. "Ati nini? Kwani mtu anazikwaga huku kama hana watu? Si hata maiti inataka home."

"Alikuambia hivyo?" mwenyekiti aliuliza.

"Alisema akizikwa hapa hatalalamika."

"Hatalalamika. Basi hata akizikwa Tabora hatalalamika. Aliandika?"

"Hapana."

"Nani mwingine alisikia?"

"Tulikuwa wawili. Kwenye gari."

Nikaona macho yakitafutana. Wanawake wawili karibu na sufuria wakatazamana kwa lile jicho la pembeni, na nikaelewa wameshatuoza mimi na Fundi papo hapo, na maiti haijazikwa. Damu ilinichemka. Nikawaambia kwa sauti ambayo haikuwa ya msibani kwamba alikuwa ananipeleka shule, na kama kuna mwenye swali lingine aniulize mimi, asimuulize sufuria.

"Dada," mwenyekiti alisema, na alisema kwa upole, jambo lililoniumiza zaidi, "tunajua mlikuwa mnasoma pamoja. Lakini usituletee mambo ya darasani msibani. Sio mimi ninayeamua. Ni utaratibu wetu. Niliona kwa macho yangu mwenzetu akizikwa na serikali ya kaunti, hana mtu hata mmoja wa kumwimbia. Nilijiapiza haitatokea tena."

Hapo nilimwonea huruma. Alikuwa amebeba kitu kizito miaka mingi na alikiita utaratibu ili kisimwelemee. Lakini huruma haikubadilisha maneno niliyoyasikia kwenye gari. Nikasema basi tumpigie dada yake Fundi, ndiye ndugu pekee aliyebaki.

"Sawa," alisema mwenyekiti. "Lakini utasema wewe. Mimi sitamwambia mama wa watu maneno hayo."

Tabora usiku ulikuwa umeshaingia. Simu ikawekwa spika, katikati ya meza, kando ya sahani ya kachumbari. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti nyembamba iliyochoka. Kabla sijaanza alisema wameshapima mahali, kando ya baba yao, na vijana wataanza kuchimba tarehe itakapojulikana. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia yote, makaburi, maandazi, mama wa kahawa, bila kuongeza chumvi.

"Alikuwa anacheka aliposema?"

"Hapana, dada. Alikuwa anatafuna."

Kuna mtu nyuma yangu alicheka akajizuia.

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilimwambia aache uchuro."

"Hata mimi ningemwambia hivyo hivyo," alisema. "Sasa niambie wewe uliyekuwa naye. Unaona alimaanisha?"

Swali hilo hakuna mtihani uliowahi kuniuliza. Darasani tulizungumza sana juu ya mtu anayetakiwa kuamua bila ishara kutoka mbinguni, na kwamba hata ishara ikija ni yeye atakayesema ina maana gani. Kwenye karatasi niliandika mambo mazuri, nikapata alama nzuri. Pale mezani sikuwa na karatasi. Nilikuwa na neno moja la mtu mwenye andazi mdomoni, na ajuza wa watu kwenye simu, na kaburi lililokwisha pimwa. Ningesema sijui, ingekuwa kweli. Kamati ingeendelea na kazi yake, Fundi angepanda ndege, na mimi ningelala usingizi.

"Naona alimaanisha," nilisema.

"Ukiwa umekosea?"

"Nitakuwa nimekosea mimi, dada. Sio kamati, wala sio yeye."

Nilimsikia akipumua. Nilidhani atanitukana, na ningekubali. Badala yake aliuliza jambo ambalo sikuwa nimejiandaa nalo hata kidogo.

"Akibaki huko, nani atakwenda kumwona? Kaburi linataka mtu. Linataka kufyekwa, linataka kusalimiwa. Na ninyi wote mlioko huko mnasema mwakani mnarudi. Yeye mwenyewe alisema mwakani mpaka nikachoka kumsikia."

Alinipata. Hakuna mtu mle chumbani ambaye si wa mwakani. Mwakani ndipo tunaporudi nyumbani kuishi, wote, na tukifika mwakani inakuwa ni mwakani tena. Kwa sababu ya hiyo mwakani hatununui meza nzuri, hatupandi mti. Mimi mwenyewe nilikuwa namwambia mama yangu Morogoro kila mwaka mpya, kwa sauti ya furaha, naye anaitikia amina. Sikuwa nadanganya. Nilikuwa sijawahi kuamua kurudi wala kubaki, basi, na niliita hali hiyo subira. Wamarekani wa kwenye treni na kamba zao shingoni walikuwa na nafuu. Wao angalau walikuwa wanajua kituo wanachoshukia.

"Nitakwenda mimi," nilimwambia.

"Wewe nawe si utarudi kwenu?"

Nilitazama watu. Dada wa Nyeri alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Mwenyekiti alikuwa anaitazama simu.

"Sirudi, dada. Naishi hapa. Nitakwenda kumwona mpaka siku nami nitakapozikwa."

Akina mama wa pilau wakaguna kwa uchuro huo. Nilikuwa nimekuja kumsemea maiti, na nimejisemea mwenyewe, mbele ya kamati nzima, kwenye spika. Sikuhisi furaha yoyote. Niliogopa. Lakini hofu hiyo ilikuwa safi, haikuchanganyika na uongo, na sijui kama nimewahi kuwa nayo tena.

Ajuza yule alilia kidogo, kisha akajisafisha koo. "Haya. Mzikeni. Ila siku ukija kutembea uniletee udongo wa hapo, niuweke kando ya baba."

Mwenyekiti alifuta aliyoyapanga akaanza upya, akagawa kazi nyingine: nani ataongea na watu wa makaburi, nani atapika, nani ataimbisha. Hakunisemesha siku ile. Lakini Jumamosi iliyofuata yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika, na aliimba kuliko wote, mpaka wafanyakazi wa makaburi wakasimama na majembe yao kutusikiliza. Mwalimu naye alikuja, na kofia nyeusi. Fundi alizikwa mchana wa jua, umbali mfupi kutoka mahali tulipoegesha gari. Kama alitaka, alipata. Kama hakutaka, anajua nyumba yangu ilipo.

Watu walipokwenda kula, nilibaki kwenye gari nikampigia mama yangu. Nilikuwa nimeshasema mbele za watu, sikuweza kumwacha yeye asikie kwa jirani. Nilimwambia bila kuzunguka: nitakuja kuwaona, nitakuja kila nikiweza, lakini kurudi kuishi, mama, hapana. Nilishika usukani nikasubiri kilio.

"Hee," alisema mama. "Umesema mwenyewe?"

"Nimesema mwenyewe."

"Basi na mimi nikuambie. Chumba chako wanakaa mdogo wako na mkewe, muda mrefu tu, na watoto wamezaliwa humo humo. Kila ukipiga simu ya picha ukitaka kukiona, nawatoa wote nje, natandika lile shuka lako la maua, ndipo naipokea."

Nilicheka, kisha kicheko kikageuka, nikalia kwa sauti kama mtoto, na mama upande wa pili akawa ananibembeleza huku naye analia. Nyuma yake nilisikia watoto wakigombana. Nilipopata pumzi nikamwomba awaambie wasitoke tena, na lile shuka awape.